Ubao Nyuma ya Mgongo

Mwalimu Sihaba aliamka amechoka. Uchovu wa kukosa usingizi una dawa yake, mtu hulala mchana ukaisha. Huu wake ulikuwa wa mtu aliyebeba mzigo miaka na miaka akakosa pa kuutua. Aliswali alfajiri, akajifunga kanga ya jikoni, akabandika chuma cha vitumbua mekoni, na kabla mafuta hayajashika moto akasikia kiti cha mumewe kikiburutwa mpaka mlangoni mwa jiko. Bwana Mbaruku akakohoa, akafungua kitabu.

"Tumefika wapi?" Sihaba aliuliza, mgongo kampa yeye, macho kayapa mafuta.

"Kwenye mikoko, mke wangu."

"Haya, soma."

Mbaruku akasoma. Alikuwa na sauti ya kusomea, sauti iliyomfanya atafutwe kila maulidi yaliposomwa Mlingotini, na ukarani wa forodha alioufanya Bagamoyo mpaka akastaafu haukumpunguzia hata kidogo. Alisoma kituo kwa kituo, akimpa mkewe nafasi ya kurudia moyoni huku anageuza vitumbua kwa kijiti. Mikoko ni miti inayoota pwani, kwenye maji ya chumvi. Mikoko hutupatia boriti za kujengea. Mikoko hutupatia kuni na mkaa. Magome ya mikoko hutoa rangi.

"Mbona ni yale yale ya kitabu cha zamani?"

"Wamebadilisha jalada," Mbaruku akasema. "Si unawajua."

Sihaba akacheka kidogo, na moyoni akashukuru. Somo unalolijua halikutoi jasho. Mtu aliyechoka akipewa nafuu haulizi imetoka wapi, na hapo ndipo alipokosea. Lakini tusimtangulie.

Siri yenyewe ni hii. Mwalimu Sihaba wa darasa la tano, mwalimu ambaye wazazi wa Mlingotini wakimkuta sokoni wanamwongezea fungu la dagaa bila kuombwa, hasomi kama wanavyosoma walimu. Herufi anazijua, moja moja. Zikikaa pamoja ndipo balaa linapoanza: zinapishana, zinasukumana, ya mbele inarudi nyuma, na mstari wa chini unapanda juu kumchungulia. Sentensi moja ya kitabu cha watoto humtoa jasho, na akifika kwenye nukta ameshasahau ilianzia wapi. Macho yake mazima, alipimwa akaambiwa hayana kasoro. Akili anayo tele. Mtajie mtoto yeyote darasani kwake, atakupa ukoo wake mpaka kwa babu wa tatu, na ugomvi wa shamba uliowatenganisha.

Chuoni, alipokuwa mdogo, alihifadhi juzuu nzima kwa masikio huku msahafu uko mbele yake kama wenzake wote. Hakuna aliyemshuku mpaka siku ustadhi alipokuja kusimama nyuma yake akaona kidole kiko mstari mmoja na mdomo uko mstari mwingine. Alichapwa, akaambiwa mvivu. Kutoka siku ile akawa anahifadhi mara mbili zaidi, na kidole chake kikawa kinafuata kidole cha jirani. Hivyo hivyo ndivyo alivyopita shule na chuo cha ualimu. Wenzake walisoma kwa sauti, yeye akawaeleza walichosoma, na wao wakadhani ndiye mwenye akili kuliko wote. Mitihani aliandika kidogo na polepole, akapita kwa chupuchupu.

Mbaruku aligundua mwezi wa kwanza wa ndoa, alipompa gazeti amsomee. Sihaba alilishika gazeti, akalitazama, akalia. Mwanamume mwingine angeuliza maswali. Mbaruku kesho yake alfajiri aliburuta kiti mpaka mlangoni mwa jiko, akauliza, "Leo unafundisha nini?" Ndivyo ilivyoanza, na haikukatika, iwe mvua iwe mfungo.

Mara moja tu alisikia kwamba jambo lake lina jina. Ilikuwa kwenye semina, mwezeshaji kutoka Dar akasema wapo watoto wenye akili timamu na macho mazima ambao herufi haziwatulii, na kwamba huo ni ulemavu wa kujifunza, wala si uvivu. Akalitaja jina lake la kitaalamu. Sihaba, kule nyuma alikokaa, alihisi kama ameitwa yeye. Alitaka kuliandika jina lile asilisahau. Akashindwa kuliandika. Walipotoka kwenda kunywa chai lilikuwa limeshampotea, na kumwendea mwezeshaji kumuuliza tena aliona haya.

Sasa, usidhani kwamba mtu wa namna hii ni mwalimu mbaya. Kwa kuwa ubao ulimtisha, Sihaba aliupa mgongo. Alifundisha akiwatazama watoto machoni, na mtoto anayetazamwa machoni hasinzii. Aliwaletea vitu: kaa, chumvi, udongo wa mashamba ya Fukayosi kwenye kopo na udongo wa ufukweni kwenye kopo jingine, wafumbe macho wavishike na kuvinusa. Alitunga nyimbo za mito na maziwa. Hakumlazimisha mtoto hata mmoja kusimama kusoma mbele ya wenzake, na mtoto aliyebabaika kwenye herufi hakuchapwa kwake, aliulizwa kwa mdomo akajibu kwa mdomo. Kazi ya kuandika ubaoni aliwapa wanafunzi, na wao waliiona heshima kubwa. Mwaka huu aliyeishika alikuwa Wahida, binti mwembamba wa muuza nazi, mwenye mwandiko ulionyooka.

Hasara ilikuwepo, tusifiche. Watoto wa Sihaba walisema vizuri na kuandika hovyo, kwa sababu madaftari walisahihishiana wenyewe. Walimu wa madarasa ya juu walinung'unika. Sihaba alisikia manung'uniko yale na alijua ni ya kweli, na kila muhula alijiambia atafanya kitu. Lakini akimaliza siku, siku inakuwa imemmaliza na yeye.

Alhamisi hii ya mikoko ilikuwa nzito kuliko nyingine, na sababu yake ilikuwa Mwalimu Mikdad.

Mikdad ndiye mwalimu mkuu mpya, kijana wa Tanga, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kulisogelea. Jumatatu alimsimamisha Sihaba kwenye baraza, nje ya dirisha la darasa la tano.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mwalimu Mkuu. Hujambo?"

"Sijambo. Bi Mardhiya anastaafu mwisho wa muhula. Nimetafuta wa kushika darasa la kwanza, nimekuona wewe."

"Mimi? Darasa la kwanza?"

"Una subira, Mwalimu, na watoto wanakupenda. Wale wadogo wanataka mtu wa kuwashika mkono herufi kwa herufi mpaka wajue kusoma."

"La tano ndilo nililolizoea, baba."

"Najua. Lakini mtaala umebadilika, na mimi lazima nijue nani anauweza." Mikdad hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu tu, na mtu wa utaratibu hana pa kumshikia. "Alhamisi nitakaa darasani kwako. Nikiona Jiografia na Mazingira inakwenda kama kitabu kipya kinavyotaka, nitakuacha hapo hapo, nimtafute mwingine. Nikiona vingine, muhula ujao utaanza na la kwanza."

Alipokwisha kuondoka, Sihaba alibaki ameshika nguzo. Darasa la tano angalau kuna Wahida. Darasa la kwanza hakuna hata mmoja ajuaye kuandika, angemwita nani ubaoni? Angesimama na kipande cha chaki mbele ya watoto wa miaka sita wanaosubiri aandike "baba", na mkono ungeandika vinginevyo, na watoto wangekwenda nyumbani na hicho hicho. Kuaibika yeye si kitu, ameshazoea kuogopa. Kuwaharibia kusoma watoto wa watu kuanzia mwanzo, hilo hakuweza hata kulifikiria.

Pembeni yake, Wahida alikuwa akikung'uta kifutio ukutani, vumbi la chaki limemjaa mpaka kwenye kope. Sihaba alimwambia aende akanawe.

Basi Alhamisi ikafika, na Mikdad akaja na kiti chake na kitabu chake, akakaa nyuma kabisa, mguu juu ya mguu. Sihaba alikuja na kipande cha boriti alichokiomba kwa fundi, na gome la mkoko kwenye mfuko. Akavizungusha. Watoto wakafumba macho, wakanusa, wakakunja pua.

"Unanuka tope!" Salumu akasema, na darasa likacheka. Salumu ndiye mtundu wa darasa, kila darasa hupewa mmoja.

"Tope la wapi?"

"La kule nyuma ya diko la mashua, Mwalimu!"

"Ndiko unakoota. Sasa mkoko unatusaidia nini?"

Mikono ikapanda. Sihaba akawauliza huyu na yule, akawachokoza, akawasifu, na kwa muda akasahau kwamba nyuma kuna mtu. Halafu akaanza kuwapa maneno ya kuandika, kwa sauti ile ile ya Mbaruku, kituo kwa kituo.

"Andika, Wahida. Mikoko hutupatia boriti za kujengea."

Nyuma ya mgongo wake chaki ikaanza. Sihaba ni mtu wa masikio, na masikio yakamwambia kitu: chaki ilikuwa ikienda mbali kuliko sentensi. Alifikiri binti anapamba mwandiko kwa ajili ya mgeni. Akaendelea.

"Mikoko hutupatia kuni na mkaa."

Chaki ikaenda tena, ndefu. Watoto walikuwa wameinamia madaftari, wananakili. Hata Salumu alikuwa ananakili, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi.

Mikdad akasimama. Akautazama ubao, akafungua kitabu chake, akautazama ubao tena. "Wewe kijana. Soma alichoandika mwenzio."

Salumu akainuka taratibu. Akamtazama Wahida, akamtazama Sihaba, akatazama miguu yake.

"Soma, nimesema."

"Mikoko huzuia mawimbi yasile ufuko," Salumu akasoma, sauti imeshuka. "Samaki na kamba huzaliana kwenye mikoko. Tusikate mikoko ovyo, na iliyokatwa tupande mingine."

Sihaba aliyasikia maneno hayo kama yeyote mwingine darasani, kwa mara ya kwanza. Hakuyasema. Alijua kabisa kwamba hakuyasema.

"Mwalimu," Mikdad akasema polepole, "wewe umesema boriti, kuni na mkaa. Hayo ni ya kitabu cha zamani. Kitabu kipya ni hayo yaliyoko ubaoni. Nielewe nini?"

Kabla Sihaba hajapata pa kushika, Wahida aligeuka na chaki mkononi. "Mwalimu anatutega," akasema.

"Anawatega?"

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu. Yeye anasema ya zamani, sisi tunaandika ya kitabu kipya. Ndivyo anavyotupima kama tumesoma nyumbani. Si ndiyo, jamani?"

"Ndiyooo!" darasa zima likaitikia, kwa pamoja na kwa sauti moja, kama lililofanya mazoezi. Na kweli lilikuwa limefanya.

Uso wa Mikdad ukafunguka. Alipita kati ya madawati, akachukua daftari moja, la pili, la tatu. Yote yalikuwa na maneno ya kitabu kipya, kuanzia mwezi wa kwanza. Akayarudisha. "Mwalimu Sihaba," akasema, na safari hii alikuwa anatabasamu, "nimekaa madarasa mengi, sijaona mbinu hii. Unawafanya wakisome kitabu ili wakukosoe! Basi, la tano ni lako. Na tafadhali uniandikie kurasa mbili, ueleze unavyofanya, tuipeleke kwa afisa elimu wa kata. Walimu wengine waige."

Alichokitaka kilikuwa kimeshamwangukia mikononi. Hakutakiwa hata kusema neno, kutikisa kichwa tu kungetosha. Kurasa mbili Mbaruku angeziandika. Darasa la kwanza angepewa mwenzake mwingine, Mwalimu Kombo, yeye angebaki na Wahida wake na nyimbo zake, na mwakani angempata Wahida mwingine.

Akawatazama watoto, kama alivyozoea kuwatazama. Wote walikuwa wametulia, wanamtazama mwalimu mkuu kwa nyuso safi kabisa. Wahida hata kope hakupepesa. Sihaba aliijua sura ile. Ilikuwa sura yake mwenyewe chuoni, kidole kwenye mstari wa jirani. Wakati wote huo alidhani anawafundisha mito na maziwa, kumbe lililowaingia sawasawa ni kuficha. Walikuwa na miaka kumi na moja na tayari walikuwa wamebeba mzigo wake, nao wangeubeba mpaka wapi?

Watu walipokuja kuisimulia habari hii baadaye walisema Mwalimu Sihaba alikuwa jasiri. Si kweli. Alikuwa amechoka tu, na safari hii uchovu uliuzidi woga.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "mtoto huyu anasema uwongo."

Wahida akashusha mkono wenye chaki.

"Anasema uwongo kwa ajili yangu. Sikumtega mtu. Nimesema ya zamani kwa sababu ndiyo niliyosomewa, na ubaoni sikujua pameandikwa nini. Mpaka sasa sijui." Akageuka. Mbele ya darasa lake, kwa mara ya kwanza tangu aanze nalo, aliutazama ubao. Mwandiko wa Wahida ulikuwa umenyooka, lakini kwake haukutulia. Alikaza macho mpaka yakamtoka machozi. "Neno la kwanza ni mikoko," akasema. "La pili silipati."

"Huzuia," Salumu akanong'ona.

Hakuna aliyecheka.

Ofisini Mikdad alifunga mlango, akakaa, akasimama, akakaa tena. Kijana wa watu, chuo hakikumfundisha la kufanya.

"Mwalimu, ungesema."

"Ningemwambia nani, baba? Mwalimu gani umesikia amesema hajui kusoma, akabaki na darasa?"

Mikdad akachezea kalamu. "Nani anakusomea?"

"Mume wangu. Kila alfajiri."

"Kitabu hiki hiki kipya?"

"Hicho hicho. Nilikichukua hapa ofisini mimi mwenyewe."

"Basi mumeo anakisoma kitabu gani, Mwalimu? Maana ulichokisema leo hakimo humu, si kwenye mikoko, si popote."

Swali lilikuwa rahisi, na jibu lake Sihaba alikuwa halitaki.

Mikdad alimweleza yatakayofuata, bila kumkwepa. Darasa la kwanza hampi, hilo limekwisha. La tano atabaki nalo mpaka mtihani wa muhula, lakini yeye mwenyewe atapita kila wiki kuangalia madaftari, na afisa elimu wa kata lazima aambiwe. Wakubwa wataamua. Huenda wakamwacha, huenda wakamwondoa, yeye hawezi kuahidi. "Siwezi kukaa na jambo hili peke yangu," akasema, na Sihaba, aliyekaa nalo umri wake wote, akamwonea huruma.

Wahida alikuwa akimsubiri nje, macho mekundu.

"Umetusaliti, Mwalimu," akasema, halafu akaogopa maneno yake mwenyewe.

"Nisamehe, mwanangu. Mmejua tangu lini?"

"Tangu la nne, ulipokuwa unatushikia vipindi. Salumu aliandika ubaoni, 'Mwalimu ana unga wa vitumbua puani.' Wewe ukasema, 'Vizuri, nakilini.'"

"Mkanakili?"

"Tukanakili. Halafu wewe ukatuletea wale kaa tuwaangalie, tukaona vibaya. Tukaapa hatutakuchezea tena, wala hatutasema. Salumu ndiye aliyeapisha." Akafuta pua kwa kiganja. "Na mwaka huu ukawa unasema ya kitabu cha kaka zetu. Mtihani utatoka kwenye kitabu kipya, kwa hiyo nikawa naandika ya kitabu. Na Jumatatu nilimsikia Mwalimu Mkuu. Hatukutaka upelekwe la kwanza."

Sihaba akamvuta, akamkumbatia pale pale kwenye baraza, chaki na yote. Alilia, wala hakujali nani anamwona. Kisha akamwambia, "Kesho utaandika ninachosema. Nikikosea, unyooshe mkono useme nimekosea. Umesikia?"

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Njiani kwenda nyumbani miguu ilikuwa mizito, na mchanga wa Mlingotini hausaidii. Mbaruku alikuwa ukumbini amekaa na redio. "Sihaba?" akaita kabla hajafika mlangoni. Siku zote alimwita hivyo, kabla hajafika, na siku zote yeye alidhani ni mapenzi.

"Nisomee mikoko," Sihaba akasema.

"Sasa hivi? Hata hujavua viatu."

"Sasa hivi."

Kitabu kilikuwa juu ya meza. Mbaruku alikipapasa, akakifungua, akakohoa, akaanza. Mikoko ni miti inayoota pwani, kwenye maji ya chumvi. Sauti nzuri, vituo vyote mahali pake. Ila leo Sihaba hakuwa mbele ya mafuta. Alikuwa amekaa uso kwa uso naye, na picha za kitabu hazikuwahi kumshinda. Kurasa zote mbili zilizofunguliwa zilijaa mlima, mkubwa, wenye theluji kileleni.

"Mume wangu," akasema, "hapo pana mlima."

Macho ya Mbaruku yalikuwa yanatazama kidogo juu ya kitabu, kuelekea mlangoni kwenye mwanga, na katikati ya mboni palikuwa na weupe. Ulikuwa pale kwa yeyote ambaye angetazama.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Lilianza la kushoto. Nikasema la kulia litatosha." Akafunga kitabu. "Cha zamani nilikuwa nacho kichwani chote. Nikawa nachanganya maneno kidogo, usishtuke."

"Watoto wa watu, Mbaruku!" Alimpigia kelele, yeye ambaye tangu aolewe hakuwahi kumpazia mumewe sauti. "Wale watoto wangeingia kwenye mtihani na maneno yaliyokwisha! Mtoto wa jicho hutolewa, kila mtu anajua hutolewa, kwa nini hukusema?"

"Ningekwambia," Mbaruku akasema, "kesho yake ungekwenda darasani na nini?"

Sihaba alikasirika, akamhurumia, akakasirika tena, vyote kwa pamoja, mpaka nguvu zikamwishia akakaa chini mkekani, kichwa kwenye goti la mumewe. Akamweleza yote, la Wahida, la Mikdad, la afisa wa kata. Mbaruku alisikiliza, mkono wake kwenye nywele za mkewe, na alipomaliza akasema tu, "Pole, mke wangu." Wakakubaliana Jumatatu waende hospitali.

Alfajiri ya Ijumaa hapakupikwa vitumbua. Sihaba aliteleka chai ya rangi, akaburuta kiti chake mwenyewe mpaka chini ya balbu. Mbaruku alikaa mkabala naye, mikono magotini, hana kitabu, hajui aiweke wapi. Sihaba alifunua kurasa akitafuta picha, akapita mlima, akapita mto, akapata miti yenye mizizi iliyosimama majini.

Akaweka kidole.

"Mikoko," akasema. Hilo lilikuwa rahisi. La pili alikuwa ameshaambiwa. "Huzuia." La tatu likamkimbia. Akalirudia, likageuka, akalishika kwa mwanzo wake, akalipoteza mwisho. Jasho likamtoka. Nje mwadhini alikuwa ameshanyamaza zamani na majogoo yameanza kuchoka. Mbaruku aliyekuwa akimsomea umri wote hakumsaidia hata herufi moja, kwa sababu safari hii hakuwa na la kumsaidia.

"Mawimbi," Sihaba akasema hatimaye. Chai ilikuwa imepoa. "Mikoko huzuia mawimbi. Yasi. Yasile. Ufuko."

Mbaruku aliinamisha kichwa, kama anavyofanya mtu anaposikiliza kitu cha kuhifadhi.

"Hilo sijapata kulisikia," akasema. "Soma tena."

Sihaba alikuwa amechoka, na siku ilikuwa haijaanza. Akarudisha kidole kwenye neno la kwanza, mdomo ukakifuata.